Mzee Aliyemficha Mgeni Msiba Wake

Kalasinga twamjua kwa kazi ya mikono yake: kilemba kichwani, ndevu kifuani, na spana mkononi. Wengine babu zao walitoka Punjab, kaskazini ya Bara Hindi, wakaletwa tangu mwaka 1896 kujenga reli ya Mombasa. Lakini hadithi wanazosimuliana huko kwao, ni nani katika sisi aliyepata kuzisikia? Basi leo, wasomaji wapenzi, nawaletea habari za Kulwant Singh Virk, mwandishi wa hadithi fupi kwa Kipunjabi.

Virk alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Phullarwan, wilaya ya Sheikhupura, nchi ya wakulima. Alisoma hata chuo kikuu, lakini elimu haikumfanya aone haya kuandika maneno ya watu wa shamba. Hadithi zake ni fupi, wala hazina mapambo.

Iliyo maarufu kupita zote yahusu askari wawili, Mann Singh na Karam Singh, rafiki waliokuwa pamoja katika vita vya Burma. Mann Singh alipata likizo, mwenzake hakupata. Karam Singh akamwomba apite kwao, awasalimu wazee, maana kumwona rafiki itakuwa kama kumwona mwana mwenyewe.

Mann Singh akaenda kwa furaha, amejaa habari za rafiki yake. Alipofika alikaribishwa, akapewa chakula na kitanda, lakini nyumba ilikuwa baridi. Kila akimtaja Karam Singh, mazungumzo yanakufa. Mama haulizi neno juu ya mwanawe. Mgeni akashangaa: ni wazazi gani hawa? Hata hivyo baba akazidi kumhudumia, akamtembeza, akafanya kila liwezekanalo ili likizo yake iwe njema.

Kisha akaja mtu wa posta, naye alileta karatasi za pensheni. Hapo ndipo siri ilipofunuka. Kumbe Karam Singh amekwisha uawa vitani, na wazazi walikuwa na habari kabla mgeni hajafika. Mzee alikuwa amekata shauri kunyamaza. Askari anayetoka vitani siku zake za likizo ni chache, aliona. Kwa nini azimalize kwa kilio?

Virk aliiita hadithi hiyo Fahali Aliye Chini ya Dunia. Watu wa Punjab walisimulia tangu zamani kwamba dunia yote imebebwa na fahali. Wazee wa pwani yetu nao walikuwa na hadithi iliyo karibu sana na hiyo. Mann Singh alipomtazama yule mzee alimwona fahali mwenyewe. Mimi nimeirudia mara kadhaa, na kila mara kinachonigusa zaidi ni yule mama. Baba alikuwa na pa kwenda na mgeni. Mama alibaki jikoni akipika, na kinywa kimefungwa.

Mwezi wa Agosti 1947 Waingereza waliondoka Bara Hindi, na Punjab ikakatwa vipande viwili. Waislamu walikimbilia upande wa magharibi, uliokuwa Pakistan. Wahindu na Masingasinga walikimbilia mashariki. Watu zaidi ya milioni kumi walihama, na mamia ya maelfu waliuawa njiani na majumbani. Wanawake wengi sana walinyakuliwa, pande zote mbili. Serikali hizo mbili zikapatana kuwatafuta na kuwarudisha kwa ndugu zao, na Virk mwenyewe, ambaye kijiji chake kilibaki Pakistan, alikuwa afisa katika kazi ya kuwashughulikia watu hao waliotawanyika.

Katika kazi hiyo akapata hadithi ya pili, iitwayo Khabbal, jina la majani ambayo mkulima huyang'oa yote, nayo huchipua tena. Afisa anafika kijijini kwa mwanamke aliyenyakuliwa, ambaye watu wake wote wametoweka. Anangoja kusikia ombi la kurudishwa. Lakini mwanamke anaomba jambo jingine: atafutiwe wifi yake mdogo, naye amechukuliwa kijiji kingine, aletwe hapo alipo yeye. Atamwoza papo hapo, apate tena mtu wa kumwita ndugu.

Wengine watasema mwanamke huyu alikosea, angelirudi kwao. Lakini kwao wapi? Virk hamhukumu. Anaweka ombi lake mbele yetu, basi.

Baadaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab, mjini Ludhiana, akaendelea kuandika. Mwaka 1968 alipewa tuzo ya Sahitya Akademi, baraza la fasihi la India, kwa kitabu chake kiitwacho Watu Wapya. Alifariki Kanada mwezi wa Desemba 1987, mbali na Ludhiana, na mbali zaidi na Phullarwan.