Chad: Kwa nini tao la Aloba halianguki?

Katika nyanda za miamba za Ennedi, kaskazini mashariki mwa Chad, limesimama tao la asili liitwalo Aloba. Kimo chake ni takriban mita 120, na miguu yake imeachana kwa mita zipatazo 77. Jengo la ghorofa 20 lingeweza kusimama chini yake. Hakuna fundi aliyelichonga.

Mwamba wa Ennedi ni jiwe la mchanga, yaani chembe za mchanga zilizoshikamanishwa na madini. Maji hupenya katika nyufa na kuyeyusha gundi hiyo. Chumvi nayo hukauka ndani ya vitundu na kuzibandua chembe. Wengi huupa upepo sifa yote, ilhali upepo kwa sehemu kubwa ni mchukuzi tu wa kile kilichokwisha kulegea. Kazi kubwa ya maji ilifanyika zama ambazo Sahara ilikuwa na mvua na majani.

Lakini kwa nini mmomonyoko uliotoboa mwamba haukuuangusha? Mwaka 2014 mtaalamu wa miamba wa Jamhuri ya Czech, Jiří Bruthans, na wenzake walitoa jibu la kushangaza. Walichukua vipande vya jiwe laini la mchanga, wakavitwisha mzigo, kisha wakavitia majini. Palipokosa mzigo palimomonyoka upesi. Palipobeba mzigo, chembe zilibanana na kukamatana, na mmomonyoko ukasita. Hivyo maji huondoa sehemu zisizobeba kitu, na kinachobaki ni nguzo na matao. Uzito tunaodhani utaliangusha tao ndio unaolishikilia.

Kinga hiyo si ya milele. Agosti 2008, katika hifadhi ya Arches, jimbo la Utah nchini Marekani, tao la Wall Arch liliporomoka usiku bila kumdhuru mtu.

Ennedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2016, kwa ajili ya miamba yake na maelfu ya michoro ya kale iliyomo. Michoro haina mzigo wa kuilinda. Mwaka 2017 iligundulika kwamba baadhi yake, iliyodumu kwa maelfu ya miaka, ilikuwa imeandikwa juu majina ya watu, kwa Kifaransa na Kiarabu.