Mti Ulio Karibu na Mlango

Mwaka 2002 Takehito Takano na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakazi wazee 3,144 wa Tokyo kwa miaka mitano. Wazee hao walizaliwa kati ya 1903 na 1918. Maswali waliyoulizwa mwanzoni yalikuwa ya kawaida kabisa: karibu na kwako kuna mahali pa kutembea? Kuna bustani au barabara yenye miti? Jua linaingia ndani? Kelele za magari zikoje? Miaka mitano ilipopita, waliokuwa na bustani, miti na mahali pa kutembea karibu na nyumbani walikuwa wamesalia hai kwa kiwango kikubwa zaidi.

Msomaji makini atashuku mara moja: pengine wenye miti mtaani ndio wenye pesa, na wenye afya ndio wanaotembea. Watafiti nao walishuku. Wakazingatia umri, jinsia, ndoa, hali ya uchumi, hata uwezo wa kila mzee kujihudumia. Tofauti haikufutika. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba mti ndio uliomwongezea mtu umri, lakini mwili wenyewe unatupa sababu za kuuamini.

Misuli ya mzee hupungua upesi asipoitumia, na miguu ikilegea huja kuanguka, kisha nyonga kuvunjika. Matembezi mafupi ya kila siku huchelewesha mporomoko huo. Kisha kuna joto. Uzeeni jasho hupungua, na kiu huchelewa kumwonya mtu. Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 75. Mti hutia kivuli, na maji yanayopanda kutoka mizizini hutoka majanini kama mvuke, yakiondoka na sehemu ya joto la hewa. Lami haina uwezo huo.

Na upweke je? Huko Japani, tangu 1928, redio hurusha mazoezi mepesi ya viungo, na hadi leo wazee hukutana bustanini saa 12:30 asubuhi kuyafanya pamoja. Mmoja asipoonekana, wenzake huulizana yuko wapi. Kwa anayeishi peke yake, naona hilo lina thamani sawa na mazoezi yenyewe.

Ndiyo maana nauona umbali wa bustani kuwa jambo kubwa kuliko ukubwa wake. Msitu mzuri ulio ng'ambo ya mji haumsaidii mwenye magoti yanayouma. Anahitaji miti michache mtaani kwake, njia isiyo na mashimo, na benchi lenye egemeo na mahali pa kushikia anapoinuka. Anahitaji pia choo kilicho wazi na safi, jambo ambalo michoro ya bustani husahau mara nyingi. Mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo hatathubutu kukaa bustanini nusu saa kama choo hakipo.