Kisu cha mfukoni na macho ya watu wa Chepilat

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakutuambia kisu hicho akibebe wapi, wala akifungue mbele ya nani. Mambo haya mawili yamenishughulisha tangu likizo iliyopita, nilipokwenda nyumbani Chepilat na kurudi Nairobi nikiwa na kidole kilichofungwa bendeji.

Kwa msomaji asiyepajua, Chepilat ni soko dogo katika barabara itokayo Kisii, ikapitia Keroka na kuelekea Sotik. Mpaka wa kaunti za Bomet na Nyamira umepita papo hapo. Pamoja nao umepita mpaka wa lugha mbili zisizo na nasaba moja: Kikipsigis, ambacho ni cha jamii ya Kinailoti, na Kigusii, ambacho ni ndugu wa damu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Kwa mtu wa kazi yangu hapa ni mahali pa starehe kubwa, maana muuza ndizi husalimu kwa lugha ya mnunuzi, mnunuzi akajibu kwa lugha ya muuzaji, kisha wote wawili wakagombea bei kwa Kiswahili. Nilizaliwa upande gani wa barabara? Msomaji ataniwia radhi nisipolijibu swali hilo.

Kisu chenyewe nilikinunua kwa mchuuzi aliyetandaza tochi, kufuli na betri juu ya turubai. Kilikuwa cheusi, chenye kibanio cha kukishikiza mfukoni na kinundu kwenye bapa cha kusukumia kwa dole gumba. Ukikigusa tu kinafunguka kwa mlio wa "tak!" na komeo la ndani linauzuia ubapa usirudi. Nilipendezwa nacho kama mtoto. Siku mbili baadaye nilikuwa nakata uzi wa gunia la mbolea ya majani chai, lile la kilo 50, nikakikandamiza kidogo. Komeo likateleza, kisu kikajikunja, nacho kidole changu kilikuwa njiani. Mama yangu alikisafisha kidonda bila kusema neno, na ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko muhadhara wowote nilioutoa.

Tangu hapo nimekuwa nikivichunguza visu vya kukunja kwa bidii ambayo wenzangu chuoni wanaiona ya ajabu kidogo. Ninavyo vingine viwili nyumbani. Cha kwanza ni cha Uswisi, chekundu, cha ile karakana ambayo Karl Elsener aliianzisha mwaka 1884 huko Ibach. Jina lake la leo, Victorinox, ni kitoweo kwa mwanaisimu: Victoria lilikuwa jina la mama yake Elsener, aliyefariki mwaka 1909, na kipande cha mwisho kimetokana na neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Cha pili ni cha Ufaransa, Opinel, chenye mpini wa mti, ambacho kilianza kufuliwa katika milima ya Savoie mwaka 1890. Shingoni kina pete ya chuma ambayo huzungushwa ili kuuzuia ubapa, na pete hiyo iliongezwa mwaka 1955.

Kisu cha Mfaransa ndicho kikatacho vizuri kuliko vyote. Ubapa wake ni mwembamba, nao hupita katika parachichi kama unapita katika siagi. Lakini nchi ya chai ni nchi ya mvua. Mpini wa mti ukinywa maji huvimba, bawaba hukaza, na mtu hujikuta akivuta ubapa kwa meno, jambo ambalo simshauri yeyote. Isitoshe, aina niliyo nayo ni ya chuma cha kaboni. Chuma hicho kinanoleka upesi juu ya jiwe lolote la mtoni, ila hushika kutu kwa usiku mmoja, na kikigusa majani mabichi ya chai hugeuka rangi ya wino. Hilo si uchawi. Tanini iliyomo katika chai huungana na chuma na kufanya weusi, kwa njia ile ile iliyotumiwa kwa karne nyingi kutengenezea wino wa kuandikia. Weusi huo haudhuru. Kutu ndiyo hudhuru.

Kisu cha Uswisi hakikati vizuri hivyo, na chuma chake ni laini kiasi kwamba kinahitaji kinoo mara kwa mara. Hakina komeo pia. Ubapa unashikwa na kamani ya mgongoni peke yake, na ukiulazimisha utajikunja. Hata hivyo ndicho ninachokipa alama za juu, na sababu yangu huenda ikawashangaza wapenzi wa vyuma. Kisu kisicho na komeo humwambia mwenyewe ukweli tangu siku ya kwanza. Mkono unajua, nao hujihadhari: hukata kwa kuvuta, haukandamizi ncha, wala haupekechi. Komeo bovu humfundisha mtu kujiamini, kisha likamsaliti siku ya gunia. Kama komeo lazima liwepo, basi liwe la kuaminika, na la kuaminika haliuzwi kwa bei niliyoitoa pale kwenye turubai. Kabla ya kununua, mtu akifungue kisu, ashike mpini, augonge mgongo wa ubapa polepole juu ya kiti cha mbao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, akirudishe kwa heshima.

Lakini kidole changu si kiini cha makala hii. Kabla ya ajali ile nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha matatu nikitaka kumenya muwa. Nikakitoa kisu changu cheusi kwa mkono mmoja, "tak!" Wanawake wawili waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Kijana aliyekuwa karibu nami akarudi hatua moja nyuma. Mzee mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hicho kirudishe mfukoni. Hapa watu husikia."

Nilikirudisha. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huu wa Sotik na Borabu uliona watu wakivamiana kwa mishale na mapanga. Nyumba zilichomwa na familia zikakimbia. Waliokuwa watoto siku hizo ndio wanaosimama kituoni leo, na masikio yao yanakumbuka. Mlio wa chuma kinachofunguka haraka una maana fulani kwao, ambayo mtengenezaji wa kisu hakuikusudia.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatufundisha jambo. Upanga ni silaha, wa askari na wa hadithi za wafalme. Panga ni chombo cha kazi, cha kufyekea magugu na kukatia nepia ya ng'ombe. Mzizi ni ule ule. Kilichotenganisha vita na shamba ni irabu moja mwanzoni mwa neno, na ukiweka upanga katika wingi, hata irabu hiyo hutoweka: panga nyingi, mapanga mengi, nani ajuaye zilikuja kufanya nini? Vivyo hivyo kisu. Kikiwa kidogo ni kijisu, cha kumenyea chungwa. Kikikua ni jisu, nalo jisu hakuna alitajaye akitabasamu. Mgema ana kotama yake na kinyozi ana wembe wake, na hakuna awashangaaye, kwa kuwa jina na kazi vinakwenda pamoja. Kisu cha kukunja hakikupata jina lake mwenyewe. Tunakieleza tu, kisu cha kukunja au kisu cha mfukoni, na kwa hiyo kila atakayekiona atakijazia kazi anayoihofu.

Jina moja lililowahi kushika katika bara hili lilikuwa la biashara. Kuanzia mwaka 1902, mafundi wa Solingen, Ujerumani, walifua kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni ya Afrika, wakakiita Okapi, jina la mnyama wa msitu wa Ituri ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika mwaka mmoja tu kabla. Neno la wenyeji wa Kongo likapelekwa Ulaya, likarudi Afrika likiwa limechorwa juu ya chuma. Tangu mwaka 1988 kisu hicho hutengenezwa Afrika Kusini.

Sheria nayo inatazama macho ya watu. Kifungu cha 88 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamkataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, na kifungu cha 308 kinauliza mazingira aliyokutwa nayo mtu. Hakuna sentimita zinazotajwa humo. Waingereza walichagua rula: sheria yao ya mwaka 1988 inaruhusu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, na mahakama yao ikaamua baadaye kwamba chenye komeo hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Wenzangu wapenda makomeo huona uamuzi huo ni wa kijinga. Mimi, baada ya kituo kile cha matatu, sioni hivyo. Kisu kinachohitaji mikono miwili na ukucha ili kifunguke kinampa jirani nafasi ya kuona muwa kabla ya kuona ubapa.

Ndiyo maana kile cheusi kimebaki katika droo yangu mjini, na safari ya Pasaka nilikwenda na chekundu. Nilimenya muwa pale pale kituoni, polepole, nikampa mzee kipande cha kwanza. Alikiomba kisu, akakigeuzageuza, akatoa kijiti cha meno kilichofichwa mpinini, akacheka.

Nyumbani hakikudumu mikononi mwangu. Mama alikiazima ili akatie kamba za nyanya zake, na hajakirudisha. Nilipouliza kwa simu alisema kimo katika kabati la vyombo, pamoja na vijiko, na kwamba hakikunji kamwe kwa sababu kukifungua kunampotezea wakati.