Umerudi Kutoka Asia? Mwambie Daktari Ulikopita

Mtu anaporudi nyumbani baada ya kuizunguka Asia miezi mingi na begi mgongoni, ndugu humpokea kwa maswali: ulikuwa unakula nini, baridi ya Nepal ikoje, ulilala wapi. Mimi kama daktari nina hofu na swali jingine, ambalo huenda asiulizwe wiki mbili baadaye atakapoingia zahanati akitetemeka kwa homa: umetoka wapi, na umerudi lini? Lisipoulizwa, na yeye asipojisemea, matibabu yataanza kwa kubahatisha.

Kwetu Afrika Mashariki homa ina njia yake iliyozoeleka. Mgonjwa anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika 15 au 20 kipimo kinasomwa. Ikionekana malaria, anapewa dawa mseto. Isipoonekana, mara nyingi anaambiwa ni taifodi au mkojo mchafu, na anaondoka na antibayotiki. Njia hiyo imetengenezwa kwa maradhi ya hapa. Aliyetoka Asia anaweza kuwa na maradhi mengine kabisa, na kitu cha kwanza kinachosaidia kuyatambua ni kalenda.

Kila ugonjwa una muda wake wa kuatamia, yaani siku zinazopita tangu vimelea viingie mwilini mpaka dalili zianze. Dengue huchukua siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu, na ni nadra kuvuka siku 14. Taifodi huchukua siku 6 hadi 30. Malaria kali ya falciparum haitokei kabla ya siku 7, na wengi huugua ndani ya mwezi mmoja, ingawa inaweza kuchelewa hadi miezi mitatu. Homa ya ini aina ya A huchukua wiki mbili hadi saba. Kwa hiyo homa inayoanza siku ya tano tangu kuondoka Bangkok inatupeleka kwenye maradhi tofauti na homa inayoanza wiki ya sita. Daktari akijua tarehe tu, ameshapunguza orodha yake nusu kabla hajamgusa mgonjwa.

Tuanze na dengue, kwa sababu ndiyo inayowapata wasafiri wengi wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Sisi si wageni nayo. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko mikubwa mwaka 2014 na 2019, na Mombasa nayo imeijua. Wengi bado hawajui kwamba wakati wa hatari ni pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba ya ugonjwa. Mgonjwa anajiona amepata nafuu, kumbe maji ya damu yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa na chembe sahani zinashuka. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoa damu, au kulegea kupita kiasi ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Kwa maumivu tumia parasetamoli peke yake. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu.

Jambo jingine: mbu aina ya Aedes anayeeneza dengue huuma mchana, na tunaye tele mijini. Akimuuma msafiri katika siku za kwanza za homa, anaweza kuwapelekea virusi watu wa nyumba hiyo. Mgonjwa na alale ndani ya chandarua hata saa sita mchana.

Malaria ya Asia nayo ina sura yake. Huku kwetu karibu yote ni falciparum. India, Pakistan na Indonesia kuna pia vivax kwa wingi, na vimelea vya vivax vina tabia ya kujificha ndani ya ini kama mbegu zinazosubiri mvua. Dawa mseto inaua vilivyomo kwenye damu, lakini haifikii vile vilivyolala. Baada ya miezi kadhaa, hata zaidi ya mwaka, homa inarudi bila mbu mwingine kuuma. Ili kuvimaliza kunahitajika dawa ya aina nyingine, primakwini, na kabla ya kuinywa mgonjwa hupimwa kimeng'enya cha G6PD, maana asiyekuwa nacho cha kutosha dawa hiyo inaweza kuzivunja chembe zake nyekundu za damu.

Watu wengi weusi wa Afrika wana kinga ya kuzaliwa dhidi ya vivax, kwa kuwa chembe zao nyekundu hazina kishikizo ambacho kimelea hicho hukitumia kuingilia. Kinga hiyo si kamili, na si ya kila mtu. Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, familia nyingi zina damu ya Uarabuni, Uajemi au India, na wengi wao wana kishikizo hicho. Tena baadhi ya vipimo vya haraka tunavyotumia hutambua protini ya falciparum peke yake, na mgonjwa wa vivax atasomewa kuwa hana malaria. Aliyetoka Asia anastahili pia damu yake isomwe kwa darubini.

Kuna ugonjwa mmoja ambao dawa yake ni rahisi mno, lakini ni vigumu kuugundua bila macho ya daktari. Ni taifasi ya vichakani, inayopatikana kutoka milima ya Nepal hadi mashamba ya Thailand na kuendelea hadi Japani. Huenezwa na watoto wa utitiri, wadogo kiasi kwamba hawaonekani kwa urahisi, wanaopanda mwilini mtu anapopita au kukaa kwenye nyasi. Hebu tumfikirie kijana aliyetembea kwa miguu kwenye vijiji vya kuzunguka Pokhara. Siku ya kumi baada ya kurudi ana homa, kichwa kinampasuka, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

"Mwanangu, ulikuwa wapi mwezi huu?" anamuuliza daktari.

"Nepal, daktari. Milimani."

Daktari anamwomba avue nguo. Chini ya mkanda wa suruali, karibu na kinena, kuna kidonda cha duara chenye upana wa punje ya mahindi, gamba lake jeusi kana kwamba pameunguzwa na sigara. Hakiumi wala hakiwashi, ndiyo maana mwenyewe hakujua kama kipo. Kidonda hicho hakitokei kwa kila mgonjwa, lakini kikionekana kwa aliyetoka huko, jibu liko karibu. Doksisaiklini, dawa ya bei nafuu iliyomo katika maduka mengi ya dawa, humrudishia nafuu ndani ya siku mbili au tatu. Bila dawa, ugonjwa huu unaweza kuharibu mapafu, figo na ubongo, na huua.

Taifodi ya Asia Kusini nayo si ya kutibiwa kwa mazoea. Tangu 2016 mkoa wa Sindh, Pakistan, umekuwa na taifodi sugu isiyosikia hata sindano ya seftriaksoni ambayo hospitali nyingi huitegemea. Azithromaisini bado inaifikia. Aliyetoka huko aombe damu ioteshwe maabara kabla ya kuanza dawa, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua.

Usugu huo huweza kurudi na msafiri hata kama haumwi chochote. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wasafiri takriban 2,000, ulikuta theluthi moja walirudi na bakteria sugu tumboni. Kwa waliokwenda Asia Kusini walikuwa robo tatu. Walioharisha na waliokunywa antibayotiki safarini walikuwa katika hatari zaidi. Kwa wengi bakteria hao hutoweka baada ya wiki kadhaa. Lakini ukipata maambukizi ya mkojo miezi michache baada ya kurudi, taja safari yako na dawa ulizonunua njiani, maana dawa ya kawaida inaweza kushindwa.

Kichaa cha mbwa sitakipita. Kama mbwa alikuuma mtaani Delhi, au tumbili alikukwaruza kwenye hekalu la Bali au Kathmandu, na hukupata chanjo, usijiambie kwamba yamepita. Dalili huanza kwa kawaida baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, mara chache baada ya mwaka na zaidi, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo bado ina maana hata kama wiki nyingi zimepita, mradi dalili hazijaanza. Nenda leo.

Hatari ya mwisho haikutoka Asia. Mtu aliyekulia Geita au Siaya ana kinga kiasi dhidi ya malaria, iliyojengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara. Akikaa mbali muda mrefu, kinga hiyo hufifia. Anarudi, wiki ya kwanza anakwenda kijijini kumwamkia bibi, analala bila chandarua kwa kuwa "tumezaliwa na malaria," na anaugua vibaya kuliko alivyowahi kuugua utotoni. Baada ya safari ndefu, jilinde nyumbani kama unavyomlinda mgeni: chandarua chenye dawa kila usiku, na kipimo siku ileile homa inapoanza.

Kwa hiyo, kabla begi halijafuliwa, chukua karatasi. Andika nchi na miji uliyopita, tarehe ya kuingia na kutoka, chanjo ulizopata, dawa ulizomeza, wanyama waliokugusa, na mito uliyooga. Mito nayo ina kichocho, kwa mfano Mekong kwenye visiwa vya kusini mwa Laos na huko Kratie, Kambodia, na mayai yake huchukua wiki sita hadi nane kuonekana kwenye choo. Karatasi hiyo ikae na kadi ya bima kwa mwaka mzima. Ukipata homa ndani ya muda huo, iweke mezani kwa daktari kabla hujaanza kueleza unavyojisikia.

Kwa wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: swali la safari halina gharama, halihitaji umeme wala kemikali ya maabara. Tuliulize kwa kila mgonjwa wa homa, kabla ya kutoboa kidole.