Zawadi ya Annie: Nyumba ya Familia Iliyogeuka Makumbusho

Akina mama, ni wangapi kati yetu tumewahi kupewa nyumba nzima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa? Annie Russell-Cotes wa Uingereza alipewa. Ilikuwa Julai 1901, naye alikuwa bibi wa makamo ya miaka sitini na ushee. Miaka sita baadaye nyumba hiyo aliitoa kwa watu wa mji wake.

Walianza na hoteli

Annie na mumewe Merton walioana mwaka 1860. Afya ya Merton ilikuwa dhaifu, wakahamia Bournemouth, mji wa pwani ya kusini, kwa ajili ya hewa ya bahari. Mwaka 1876 walinunua hoteli iitwayo Royal Bath, wakaipanua na kuipamba kwa picha za kuchorwa. Wageni walikula na kulala katikati ya kazi za sanaa. Merton alipata kuwa meya wa mji huo mwaka 1894 na 1895.

Walisafiri pamoja pia. Katikati ya miaka ya 1880 walizunguka dunia, wakafika Australia, New Zealand na Japani, wakarudi na masanduku tele ya vitu vya kumbukumbu.

Nyumba juu ya jabali

Mwaka 1897 ujenzi wa nyumba yao ulianza, juu ya jabali linalotazama bahari, jirani na hoteli. Ilipokamilika, Malkia Victoria alikuwa ameshafariki, lakini ndani yake imejaa mapendeleo ya enzi zake: ukumbi wenye chemchemi katikati, chumba cha kulia kilichopambwa kwa tausi, na kuta zilizofunikwa kwa picha toka juu hadi chini. Annie alikuwa na sebule yake mwenyewe ghorofani.

Kwa jina la nani?

Hapa ndipo penye somo. Walipooana, sheria ya Uingereza iliweka sehemu kubwa ya mali ya mke mikononi mwa mumewe. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kwa hiyo Merton alipompa Annie nyumba, ilikuwa yake kweli, na mwaka 1907 aliyeitoa kwa mji alikuwa Annie. Merton naye akatoa picha zake. Mwaka 1908 mji uliwatunukia wote wawili heshima ya juu kabisa ya raia.

Hawakuhama. Waliendelea kuishi humo, na nyumba ikaongezwa vyumba vya kutundikia picha. Annie alifariki mwaka 1920, Merton mwaka 1921, na mwaka 1922 milango ikafunguliwa kwa umma.

Picha zilizochorwa na wanawake

Hadi leo watu huingia humo kutazama. Miongoni mwa picha zake kuna za wanawake, kama Evelyn De Morgan na Lucy Kemp-Welch. Huyu Lucy, aliyesifika kwa kuchora farasi, alizaliwa papo hapo Bournemouth. Binti wa mji huo anayeingia leo anaona kazi ya binti mwenzake ukutani.

Na sisi je?

Wengi wetu hatuna jumba wala picha za thamani. Tuna nyumba ya vyumba vitatu, shamba, cherehani, kabati la vyombo. Lakini tumeshuhudia misiba ambapo matanga hayajaisha na ndugu wameshaanza kugombea funguo, huku mjane hajui hata hati imeandikwa kwa jina la nani.

Annie na Merton walipanga wakiwa hai, kwa maandishi, kila mmoja akijua chake. Dada msomaji, jioni moja watoto wakishalala, muulize baba watoto kwa upole: hati ya nyumba iko wapi, na ina jina la nani? Kisha semeni pamoja mngependa nyumba hiyo iwe nini baada yenu, mkaandike.