Mtoto anapolemewa na kusoma: Njia za kumwauni kabla hajakata tamaa

NI jioni. Vyombo vimekwisha kuondolewa mezani na mtoto wa Gredi ya Pili ameketi na kitabu chake cha Kiswahili. Anausoma ukurasa mzima pasi na kukwama, na mama yake anatabasamu kwa fahari. Kisha mama anaifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja lililo katikati ya sentensi. Mtoto ananyamaza. Anamtazama mama usoni, halafu anakisia. Neno lenyewe ni ‘kuku’. Yeye anasema ‘mbuzi’.

Kumbe siku zote hizo hakuwa akisoma. Alikuwa akikariri aliyoyasikia darasani na kuongozwa na picha.

Tukio kama hili si geni nchini. Tathmini za shirika la Uwezo, zilizoanza kufanywa nchini Kenya mnamo 2009, zimebainisha mara kwa mara kwamba wanafunzi wengi huvuka darasa la tatu bila uwezo wa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ni kutokana na hali hiyo ambapo serikali ilianzisha mpango wa Tusome katika shule za msingi mnamo 2015, ili kuimarisha usomaji wa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini.

Hata hivyo, mipango ya serikali haiwezi kumfikia kila mtoto kwa kiwango sawa. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini au zaidi hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kila siku. Mtoto mtulivu anayejua kufuatiza sauti za wenzake anaweza kupita mwaka mzima bila kugunduliwa. Ndiposa mzazi hana budi kuwa macho.

Jambo hili lina uzito mkubwa. Katika madarasa matatu ya kwanza, mtoto hujifunza kusoma. Kuanzia Gredi ya Nne, anatarajiwa kusoma ili ajifunze. Sayansi, hisabati, dini na masomo ya kijamii yote humjia kwa maandishi. Asiyejua kusoma hubaki nyuma katika kila somo, hata lile alilokuwa na kipaji nalo. Hatimaye huanza kujiona mjinga, na wapo wanaoiacha shule kabisa.

Kwa nini mtoto hulemewa?

Kusoma si jambo linalokuja lenyewe kama kuzungumza. Ubongo wa mtoto hauna budi kufunzwa kuoanisha alama iliyo kwenye karatasi na sauti aliyoizoea masikioni. Anayekwama, aghalabu amekwama katika hatua hii ya awali.

Bahati njema ni kwamba Kiswahili humrahisishia mwanagenzi kazi. Irabu zake ni tano tu, nazo hazibadiliki: ‘a’ ya ‘baba’ ndiyo ‘a’ ya ‘taa’ na ndiyo ‘a’ ya ‘kalamu’. Katika Kiingereza, herufi hiyo hiyo hutamkwa kwa namna tofauti katika maneno ‘cat’, ‘cake’ na ‘ball’. Mtoto anayefunzwa lugha zote mbili kwa wakati mmoja anaweza kuchanganyikiwa, hasa ikiwa nyumbani anazungumza lugha ya tatu. Ndiyo maana tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, sera nchini imekuwa kwamba mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi, ijapokuwa shule nyingi huipuuza.

Sababu nyingine ni ya kimwili. Mtoto asiyeona vizuri ubao au asiyesikia vyema hawezi kutofautisha ‘b’ na ‘d’, wala ‘pata’ na ‘bata’. Kabla ya kumlaumu mwanao, mpeleke hospitalini akapimwe macho na masikio.

Ipo pia hali inayojulikana kama disleksia. Huu si ugonjwa, si uvivu, na wala hauhusiani na upungufu wa akili. Ni tofauti katika jinsi ubongo unavyochambua sauti za maneno, na mara nyingi hujitokeza katika ukoo mmoja. Mtoto wa aina hii anaweza kuwa hodari wa kusimulia, kuchora au kuunda vitu, ilhali ukurasa mmoja wa kitabu humtoa jasho. Si kila anayegeuza herufi ana disleksia. Watoto wengi hufanya hivyo hadi kufikia umri wa miaka saba hivi. Cha kutia shaka ni matatizo kadhaa yanapoandamana na kudumu licha ya kusaidiwa.

Jinsi ya kumsaidia nyumbani

Kwanza, tambua alipokwamia. Mwandikie silabi chache zisizo na maana zikiunganishwa, mathalani ‘kepu’, ‘lomi’ na ‘tubo’. Kwa kuwa hajawahi kuyaona maneno hayo, hawezi kuyakariri. Akishindwa, rudi kwenye silabi moja moja. Akishindwa na hizo pia, anza na sauti za herufi.

Pili, anza na masikio kabla ya macho. Mnapotembea kwenda sokoni au mnapochambua mboga, mwulize: “Nitajie maneno yanayoanza kwa sauti ya ‘m’.” Mpigie makofi kwa kila silabi: ki-ka-pu, makofi matatu, m-to-to, matatu. Kisha mwambie aondoe ‘ki’ katika ‘kikapu’ aone linabaki neno gani. Mchezo huu hauhitaji hata kalamu, lakini humzoesha kusikia vipande vinavyojenga neno.

Tatu, mfunze sauti ya herufi, si jina lake pekee. Mtoto aliyefunzwa kuiita ‘m’ kwa jina la ‘em’ hutatizika kuelewa jinsi ‘em’ na ‘a’ zinavyozaa ‘ma’. Mwonyeshe ‘ma, me, mi, mo, mu’, kisha uunde maneno: mama, mimi, mume. Akishazoea, badilisha herufi moja tu kwa wakati: paka, taka, saka, waka. Atashangaa kuona jinsi herufi moja inavyogeuza neno zima. Makundi magumu kama vile ‘ng’’, ‘ny’, ‘mbw’ na ‘nd’ yaje baadaye.

Huhitaji vifaa vya bei ghali. Kata vipande vya katoni uandike silabi, au tumia vifuniko vya chupa. Mwache aandike kwa kidole mchangani huku akitamka sauti. Mkono, jicho na sikio vikishirikiana, kumbukumbu huwa imara zaidi.

Nne, soma naye kila siku kwa dakika 15. Dakika hizo chache kila siku zina manufaa kuliko saa mbili za Jumapili zenye machozi. Usome wewe kwanza, kisha msome pamoja, halafu asome peke yake. Akikwama, mpe nafasi ya kufikiri. Akishindwa, mtamkie neno na mwendelee. Akikosea zaidi ya maneno matano katika ukurasa mmoja mfupi, kitabu hicho kimemzidi, mtafutie chepesi. Mwishoni, mwulize hadithi ilihusu nini, maana kusoma bila kuelewa ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Na mzazi asiyejua kusoma je? Naye ana mchango mkubwa. Ngano, vitendawili na masimulizi humjengea mtoto msamiati utakaomfaa atakapokutana na maneno hayo kitabuni. Aidha, mzazi anaweza kuketi na kumsikiliza mtoto akisoma, au kumwomba ndugu yake mkubwa amwongoze.

Yanayofaa kuepukwa

Kiboko hakijawahi kumfunza mtu kusoma. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini mnamo 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasisitiza marufuku hiyo. Hata nyumbani, mtoto mwenye hofu hulishughulikia pigo linalokuja, si neno lililo mbele yake. Vivyo hivyo, kumlinganisha na nduguye au kumwita ‘bure kabisa’ mbele ya wageni humfanya akichukie kitabu.

Kumrudisha darasa pia si dawa kwa yenyewe. Akifunzwa tena kwa mbinu ile ile iliyomshinda, atashindwa tena, safari hii akiwa na aibu ya kuachwa na wenzake.

Mtembelee mwalimu mapema, bila ugomvi. Mwulize mtoto anajua sauti zipi, amekwamia wapi, na ni zoezi gani mlifanye nyumbani. Iwapo miezi kadhaa ya jitihada haitazaa matunda, omba aelekezwe katika kituo cha serikali cha tathmini ya elimu, vinavyojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mnamo 1984 ili kuwachunguza watoto wenye mahitaji maalumu na kuwashauri wazazi. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani jijini Nairobi, pia hutoa huduma hiyo.

Tuseme yule mama wa mwanzoni amechagua kutokasirika. Amekichukua kipande cha katoni, akakikata mara mbili na kuandika ‘ku’ kila upande. Mtoto ataviweka pamoja, atatamka polepole, kisha atainua macho: “Kuku!” Neno ni moja tu, lakini safari hii amelisoma. Udongo, walisema wahenga, uuwahi ungali maji.