Mbele ya kuuza parsele juu ya Canada, tuhesabu kuanzia mwisho

Kila mwaka, nyuma ya matokeo ya Examen d'État, wazazi wanakuja na bahasha kwenye ofisi yetu ndogo ya sendika. Hawakuji juu ya mshahara ao prime. Wanaleta barua ya shule ya Canada: mtoto amekubaliwa, kunabaki tu kulipa. Baba anauliza kama tunaweza kumuombea avansi kwa mwajiri. Mama anauliza kama wauze parsele ya pili. Na wote wawili wanasema neno moja: « Akimaliza masomo atapata karatasi, ataikala kule. »

Sisi wa huku Katanga tunajua feza yenye inakuja mara moja tu. Mwaka wa 2003, wakati wa departs volontaires, maelfu ya wafanyakazi walipokea décompte yao, na nyumba nyingi hazikusimama tena nyuma ya pale. Njo maana bahasha ya Canada inatutia wasiwasi. Si juu tunakataza watoto kwenda, hapana. Ni juu tunaona wazazi wanalipa mwanzo wa njia bila kujua mwisho wake.

Baba mmoja wa atelye, fundi wa miaka 26 ya kazi, alimpeleka mtoto wake wa kwanza kwenye shule moja ya binafsi kule. Commissionnaire alimwambia: « Papa, shule zote ni sawa, diploma ni diploma. » Mtoto alisoma vizuri, alifaulu. Ile siku alipoomba permi ya kutumika, jibu lilikuwa hapana: diploma ya ile shule haifungui ile permi. Mtoto alirudi Kolwezi. Parsele haikurudi. Baba alituambia: « Niliuliza bei ya shule. Sikuuliza shule inafika wapi. »

Basi tuulize pamoja, na tuanze na mwisho.

Kazi gani inahesabiwa?

Tangu 2015 Canada inachagua wahamiaji wengi wa kazi kupitia mfumo unaoitwa Entrée express. Kwa mtoto aliyesoma kule, mlango wa kawaida ni Catégorie de l'expérience canadienne. Inaomba mwaka 1 wa kazi ya ujuzi, ni kusema masaa 1560 ya kulipwa, yaliyofanywa Canada ndani ya miaka 3 ya mwisho. Masaa mtoto anayotumika wakati bado anasoma full time hayahesabiwi pale. Yanamsaidia kula, basi.

Neno kubwa ni « ujuzi ». Sisi wachimbaji tunaelewa upesi, juu hata hapa kila mtu ana classe yake: manœuvre, semi-qualifié, qualifié, maîtrise, cadre. Canada nayo inapanga kazi zote kwa namba inayoitwa FEER, kuanzia 0 mpaka 5. Kazi ya FEER 0, 1, 2 ao 3 inahesabiwa. Kazi ya FEER 4 ao 5 haihesabiwi, hata ukiifanya miaka 10.

Tuangalie kazi tunazozijua. Ingénieur wa mine na géologue ni FEER 1. Fundi wa umeme wa kiwanda na mécanicien wa engins lourds ni FEER 2. Mchimbaji wa chini ya ardhi ni FEER 3. Lakini manœuvre wa mine ni FEER 5, na mlinzi wa sécurité ni FEER 4. Njo hapo watoto wengi wanapotea: wanamaliza shule, wanakamata kazi ya ulinzi ao ya kusafisha maofisi juu inapatikana upesi, mwaka unapita, na kwenye hesabu ya karatasi ni zero.

Permi ya katikati

Kati ya shule na ule mwaka wa kazi kuko daraja: permis de travail postdiplôme. Mtu anaipata mara 1 tu katika maisha. Masomo ya miaka 2 ao zaidi yanaweza kuleta permi ya miaka 3. Masomo mafupi yasiyo ya master, kuanzia miezi 8, yanaleta permi ya urefu wa masomo yenyewe. Kuiomba kuna muda: siku 180 nyuma ya shule kuthibitisha kama umemaliza. Na permi haipiti tarehe ya mwisho ya passport. Passport inayokaribia kuisha inakata miaka ya kazi.

Si kila shule inaifungua. Shule kuwa kwenye orodha ya wale wanaopokea wageni (établissement d'enseignement désigné) haitoshi. Tena, kwa wale wanaoomba permi ya masomo tangu Novemba 2024, diploma ya collège inapashwa kuwa katika fani zilizochaguliwa, kama afya, kilimo ao ufundi, na orodha hii inabadilishwa. Licence na master za université hazina sharti hilo la fani. Kwa hiyo mzazi aulize shule, kwa maandishi: « Je, programu hii, kwenye campus hii, inatoa haki ya permis de travail postdiplôme? » Jibu la mdomo la commissionnaire si jibu.

Kifaransa ni mali yetu

Entrée express inaenda kwa pointi: umri, masomo, kazi, lugha. Umri unalipa pointi nyingi kati ya miaka 20 na 29, halafu zinashuka kila mwaka. Mtoto asikae miaka akingojea.

Lakini tangu 2023 Canada inafanya tirages za wale wanaojua Kifaransa, kwa ajili ya mikoa nje ya Quebec. Wanaomba niveau 7 (NCLC 7) katika kusikia, kusema, kusoma na kuandika. Machi 2025 tirage moja ya Kifaransa ilishuka mpaka pointi 379, wakati zile za expérience canadienne mwaka ule zote zilipita 500. Watoto wetu wanasema Kiswahili nyumbani na Kifaransa kalasi. Kile Kifaransa cha kalasi kina bei, lakini kinapimwa: TEF Canada ao TCF Canada, matokeo yake miaka 2 tu. Wengi wanasema vizuri na wanaanguka kwenye kuandika.

Mtu asifikiri Quebec tu. Ontario kuko Sudbury, muji wa wachimbaji kama sisi, wa nikeli na shaba, na Collège Boréal inafundisha pale kwa Kifaransa.

Sheria zinageuka

Quebec inachagua wahamiaji wake yenyewe. Wanafunzi wengi walitegemea njia yake iliyoitwa PEQ. Novemba 2025 ilifungwa, wengine wakiwa bado kwenye mabanki ya shule. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuahidi karatasi. Familia iwe na njia ya pili, na fani yenye kazi hata mtoto akirudi: mécanicien mzuri hakosi mkate Kolwezi.

Feza nayo tuiseme. Tangu Septemba 2025, mwanafunzi peke yake nje ya Quebec anaonyesha dola 22 895 za Canada za kuishi mwaka 1, mbali na shule na tikiti. Na akiwa kule wakati wa masomo, kazi nje ya campus haipiti masaa 24 kwa juma. Hayawezi kulipa shule. Mtu akikuuzia « offre d'emploi » juu ya kuongeza pointi, mkimbie: tangu Machi 2025 offre d'emploi haileti pointi tena.

Katika sendika tunafundisha kila mtumishi asome kontra mpaka ukurasa wa mwisho mbele ya kusaini. Barua ya shule ni kontra vilevile. Chukueni karatasi moja, juu kabisa muandike kazi na namba yake ya FEER. Chini yake permi. Chini yake shule na fani. Chini yake mtihani wa Kifaransa. Na chini kabisa feza. Kama mstari mmoja ni mtupu, parsele ingojee.

Yule baba wa atelye ana mtoto wa pili, binti, anasoma électricité. Mwezi uliopita alikuja tena na bahasha. Safari hii alikuwa hajalipa kitu. Alikaa, akatoa kalamu, akasema: « Tuanze na mwisho. »